Fundo la Baba

Kaka Wilbroad,

Leo shikamoo sikupi. Mvua zimeanza vizuri, na mama anakusalimu. Nguruwe pori wakimaliza mahindi mnayowawekea swala huko kwenye kitalu cha uwindaji, wanakuja kufukua karanga zetu. Ndiyo maana baba alitega kitanzi cha waya pembeni mwa shamba.

Walinzi wenzako walikiokota wasijue ni cha nani. Wewe ulijua. Fundo lile baba alitufundisha sisi wawili tu. Sasa yuko mahabusu Tabora mjini, nawe nasikia umepewa cheo.

Mama sijamwambia. Anadhani walibahatisha.

Jana nimetega kingine palepale, kwa fundo lile lile. Wakikuletea ukitambue, nitaje na mimi.

Mdogo wako,
Advera