Chui wa Baba Kaberia

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimesafisha lenzi tena. Vumbi jekundu huingia hata ndani ya mfuko uliofungwa. Henrik hutaka kila lenzi ipanguswe kabla ya chai, kisha huiinua kwenye mwanga na kuikagua mwenyewe. Sijali. Ni mzee mgeni, ameikodi kambi nzima peke yake, na kazi ya picha anaijua. Kumtazama akingoja kumenifunza kuliko chuo.

Mawingu yamekaa juu ya milima ya Nyambene. Mwiti, dereva wetu, anasema mvua ikinyesha mara moja tu, tembo watatoka kwenye vinamasi na kushika njia ya kaskazini, nyati nyuma yao. Hicho ndicho Henrik alichokuja kupiga picha. Hicho na chui.

Leo simba jike wawili chini ya mikoma. Walilala. Tukawatazama wakilala.

Jumanne, 21 Oktoba

Wakati wa chakula Henrik alisema mwakani atafanya maonyesho ya picha kwao Ulaya. Ukuta mmoja atampa mpiga picha wa hapa. Nikimpata chui pamoja na watoto wake, ukuta ni wangu. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi.

Nautaka ukuta ule. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Nimechoka kubeba lenzi za watu wengine.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimewapata.

Henrik aliamka akiumwa tumbo, akabaki kambini. Akatutuma mimi na Mwiti tukaangalie nyayo za tembo nje ya mbuga, upande wa mashamba, kuelekea Kangeta. Mwiti akasimama shambani kwa Baba Kaberia, mzee mkulima, kununua miraa, kama afanyavyo kila akipita. Baba Kaberia alikuwa juu ya mti akichuma. Alitusalimu kutoka huko huko. Akamwuliza Mwiti kama siku hizi hawezi kununua miraa bila kusindikizwa na mwalimu, akinionyesha mimi.

Niliwaacha wakitaniana, nikashuka hadi mwisho wa shamba. Pale kuna majabali. Chui alikuwa amelala kwenye bamba la jiwe. Watoto wawili. Aliniona kabla sijamwona. Hakukimbia. Alimshika mmoja kwa shingo akamhamishia kivulini, polepole, kisha akarudi kumchukua wa pili. Mwanga ulitoka ubavuni. Nilipiga yote.

Nilimwambia Henrik. Sikumwonyesha. Nilitaka azione kwenye kompyuta, kubwa, nikishazipanga. Kiburi. Nimefurahi mpaka naogopa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua ilinyesha alfajiri. Mwiti akatuamsha kwa kugonga bakuli. Tembo wanatoka.

Kutwa nzima kandokando yao. Majike wazee mbele, ndama katikati, hakuna anayeharakisha. Halafu nyati, weusi, mgongo kwa mgongo. Henrik alikuja ingawa tumbo lilikuwa bado linamuuma. Alikuwa akilia kidogo, nadhani. Picha za chui hatukuzikumbuka.

Alasiri niliteremka na Mwiti kutafuta mahali tembo watakapovukia. Baba Kaberia alitusimamisha. Chui ameingia kwenye zizi lake. Mbuzi wawili, na walikuwa wa ruracio, mahari ya mwanawe Kaberia. Mmoja ameburutwa hadi majabalini, mwingine ameachwa nusu. Ile nusu ataitia sumu. Dawa anayo tayari. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali. Alisimulia kama mtu anayepanga kupalilia.

Nilitaka kupiga simu kwa askari wa wanyamapori. Mwiti akanisihi nisipige. Alisema watamfunga Baba Kaberia, na hata hivyo watakuta chui amekwisha kula.

Wale watoto bado wananyonya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi nilimpigia mama, kule kwetu Githongo. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na mbuzi. Aliniuliza kitu kimoja tu: huyo mzee ni wa ukoo gani? Nikamuuliza Mwiti, Mwiti akanitajia. Nikamrudishia mama jina. Halafu akasema huyo ni gichiaro yetu.

Nilikuwa nimelisikia neno hilo mazishini na harusini, nikadhani ni la wazee. Ukoo wetu na wao walikula kiapo zamani. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, huwezi kumnyima. Huwezi kumdanganya. Ukifanya hivyo, laana haina dawa. Wenye busara hukwepana njiani ili wasije wakaombana.

Mama alisema, "Ukimfunga kwa ombi, umejifunga."

Nilisikia nusu ya kwanza.

Nilienda na Mwiti, nikamkuta Baba Kaberia akikoroga dawa kwenye kopo. Nilitaja jina la baba, la babu, na ukoo. Aliweka kijiti chini. Nikamwomba asimuue chui, wala leo wala siku nyingine.

Alilisukuma kopo kando.

"Mwari, unajua umenifanya nini?"

Nilisema najua. Sikujua. Chui alimwondolea mbuzi wa mwanawe, mimi nikamwondolea kisasi, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu. Alimwaga dawa kwenye shimo la choo. Tukafukia ile nusu ya mbuzi, yeye, mimi na Mwiti. Nilikuwa najipongeza moyoni. Kisha akanawa mikono na kusema yeye pia ana ombi.

Picha nilizopiga pale chini zisionekane na mtu yeyote maadamu yeye yu hai.

"Leo wataona chui," alisema. "Kesho watauliza ni wapi. Keshokutwa nitaambiwa shamba hili ni la chui, nihame."

Ameona mashamba mengine yakienda hivyo. Nilisema sawa.

Jumapili, 26 Oktoba

Henrik amepona kabisa. Alikuwa ameifungua kompyuta na kupangusa miwani. Nilimwambia picha zipo lakini siwezi kumwonyesha. Nikaeleza kila kitu. Alisikiliza vizuri, halafu akaniuliza nataka nini zaidi. Alidhani natafuta bei. Hilo limeniuma kuliko ukuta.

Baadaye alirudi, akaomba radhi. Akasema kwa upole kwamba picha isiyoonwa na mtu si picha.

Ninamchukia Baba Kaberia. Hatafika Ulaya kamwe. Hatajua. Nimeliwaza hilo mchana kutwa, na kila mara nafika mahali pale pale: amemwaga dawa. Angeweza kuniitikia, nikishaondoka akaiweka. Hakufanya hivyo.

Mwiti anaona nina bahati. Mzee angeweza kuomba kamera.

Jumatano, 29 Oktoba

Henrik ameondoka kwa ndege ndogo. Alinipa mkono. Ukuta utakwenda kwa kijana wa Nairobi anayepiga picha za simba. Alinieleza mwenyewe, uso kwa uso. Namheshimu kwa hilo. Sikulia mbele yake.

Kambi kimya. Tembo wa mwisho walipita jana, majike watatu na ndama anayechechemea, wakimngoja kila baada ya hatua chache. Nilipiga picha. Nzuri. Si ile.

Jumapili, 2 Novemba

Baba Kaberia alikuja kambini baada ya kanisa, amevaa koti lake la kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Ameniletea nduma za kuchemsha. Mwiti akaletewa miraa.

Tulikunywa chai. Harusi ya Kaberia imesogezwa mpaka mbuzi wazaliane. Kijana amenuna, msichana hajanuna, kwa hivyo itafanyika. Chui anamsikia akikohoa majabalini jioni. Mbuzi wanalala jikoni sasa, na mkewe hamsemeshi.

Kisha akauliza kama picha zile bado ninazo. Nikasema ninazo. Akasema yeye ndiye aliyefunga mlango, anadhani anaruhusiwa kuchungulia.

Nikaileta kompyuta. Mwiti akainuka mwenyewe, akaenda kuangalia magurudumu.

Baba Kaberia alizaliwa kwenye shamba lile. Maisha yake yote ameona nyayo, na mara moja mkia. Alivaa miwani. Nilimpitishia moja moja. Tukafika ile ya mama amemshika mtoto shingoni. Akaniomba nisiiondoe.

"Tazama anavyomshika," alisema. "Kama amebeba yai."

Baadaye akataka kujua, kati ya hao wote, ni nani hasa aliyekula mbuzi. Nikamwonyesha. Akamtazama kwa makini, kama anayemtafuta mtu umatini.

Akasema turudi mwanzo. Tukarudi mwanzo.