Kifua Kilichoteremka Tumboni

Jumanne, baada ya magharibi

Ugonjwa wangu niliugundua mimi mwenyewe, madaktari walifuata nyuma tu.

Uongo. Aliyeugundua ni mke wangu, Mwanasha. Mimi kwa miezi mitatu nilishika tumbo nikimwambia kila mtu ni chango, huku nikinywa mizizi michungu mpaka ulimi ukafa ganzi. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo. Nikazidi kukonda, suruali nikaifunga kwa kamba.

Kule hospitali ya Msambweni daktari mmoja, binti mdogo, akaniuliza, "Babu, usiku unatoka jasho?"

Nikasema la. Mwanasha akadakia: "Muongo huyu! Kila alfajiri naanika shuka kama la mtoto kikojozi."

Haya niliyoiona! Lakini jasho hilo ndilo lililomfanya daktari anivute kwa sindano maji yaliyojikusanya tumboni, yakapimwe. Majibu yakatoka.

"Babu, una kifua kikuu cha tumbo."

"Mwanangu, mimi hata sikohoi. Hicho kifua kimeteremka lini?"

Alicheka, kisha akaniambia tungechelewa kidogo ningezikwa. Hapo sikucheka.

Leo nimemaliza dawa za miezi sita, na amesema nimepona. Nimepona! Suruali sasa haifungi kwa kitambi.

Mwanasha, najua daftari hili unalichungulia. Ulipovunjika mkono nilikukunia nazi mwezi mzima, wanaume wenzangu wakinicheka. Basi kesho nipikie wali wa nazi na papa, na ukoko uniachie mimi.