Mke Mwenza wa Bibi

Ijumaa Kuu, 9 Aprili 1993

Nepi hazikauki. Mvua tangu alfajiri. Nimezitandaza kwenye viti, kwenye kamba, hadi kwenye baiskeli ya Baba Skola. Gaudensi ana miezi minne na bado hajui usiku ni wa nini. Macho yananiwasha.

Mama mkwe amefika na gari kutoka kijijini kwake Mpitimbi, na unga wa ulezi na kuku amefungwa miguu. Nilimpokea mzigo, nikapiga goti, shikamoo. Skola naye akapiga goti bila kuambiwa. Miaka mitano tu. Moyo ulinijaa.

Jioni, baada ya Njia ya Msalaba, wifi Dafroza alikuja kutoka Msamala kumsalimu mama yake. Utani ukaanza. Bibi yake siku zote humwita Skola mke mwenzake. Akasema mke mwenza gani huyu anastarehe mjini, mwenzie anachota maji peke yake kijijini. Mimi nina mtoto begani analia, uji unafurika jikoni. Nikasema, "Mchukue tu mke mwenzio, Mama. Mimi nimechoka."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Ijumaa Kuu, na vicheko vile.

Jumamosi, 10 Aprili

Sokoni na Skola. Marobota ya mitumba yamefunguliwa, watu wanagombania. Nimepata gauni la njano la mtu mzima. Nimelikata, nimelipunguza kwa mkono limwenee Skola, mabaki nimetengeneza ukanda. Baba Skola anasema ni kama la dukani. Ni kweli.

Kurudi kwetu Mfaranyaki, Skola alibeba nyanya kichwani kwenye tope lote lile. Haikuanguka hata moja. Nilitembea nyuma yake makusudi, nimwangalie.

Nyumbani nimekuta mama mkwe amezikunja nguo za Skola na kuzifunga kwenye kanga yake. Nikauliza. Akasema Jumatatu wanaondoka na gari la asubuhi. Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Nilimwita Baba Skola nje. Akasema nimetamka mwenyewe, mbele ya dada yake. Na kwao kifungua mimba hulelewa na bibi. Yeye alilelewa hivyo na hakufa. Kama nataka kutengua nitengue mwenyewe, yeye hawezi kumwambia mama yake hapana.

Nina hasira naye. Mwanaume mzima.

Si kwamba jambo ni geni. Hata kwetu Umatengo watoto huenda kwa bibi. Na najua mama yuko peke yake tangu baba mkwe afariki, kisima kiko mbali, magoti yanamsumbua. Lakini kinachoniuma siyo hicho. Maneno yale hayakuwa utani mtupu. Nilikuwa nimechoka kweli. Kwa dakika ile nilitamani mtoto mmoja apungue. Naliandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili

Kanisa limejaa hadi nje. Gauni la njano lilionekana kutoka mbali. Akina mama wawili wameniuliza nimelinunua wapi. Nimewajibu nimeshona mimi. Sikujishusha hata kidogo.

Wali, kuku wa mama, soda moja moja. Halafu tukatembea wote hadi Msamala kwa Dafroza. Kumbe ameshatangaza. Majirani zake wananipa hongera kwamba sasa nitapumzika. Nikamwambia Dafroza kando kwamba ulikuwa utani. Akanijibu, maji yakimwagika hayazoleki, wifi. Anacheka, lakini hatanii.

Skola amesikia. Njia nzima ya kurudi alishika pindo la kanga yangu. Afadhali angeuliza.

Sijala jioni.

Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili

Nimesema.

Mama mkwe alikuwa jikoni anakunywa togwa kabla ya safari. Nilimpa Baba Skola amshike Gaudensi. Nikapiga goti.

"Mama, lile la Ijumaa nililisema kwa utani na kwa uchovu. Leo sitanii. Skola haendi. Uchovu ni wangu, nitaubeba mwenyewe."

Baba Skola aliangalia chini. Mama mkwe alizungusha togwa kwenye kata. Nikajua ameudhika. Halafu akasema, taratibu:

"Huyu mumeo niliombwa na mama mkwe wangu, akiwa mdogo hivi hivi kama Skola. Nikanyamaza. Siku aliporudi kwangu aliniita shangazi."

Akaweka kata chini. "Wewe una mdomo."

Sijui ni sifa au tusi. Nimeichukua kama sifa.

Nikamwambia wakati wa kuvuna mahindi nitakuja na watoto wote wawili, nivune mimi, achote maji huyu mwanawe. Baba Skola akaitika haraka, kama aliyefunguliwa. Mama akasema tutaona. Akafungua fundo la kanga yeye mwenyewe, akanirudishia nguo moja moja. Ya mwisho ilikuwa sweta ndogo. Aliishika kidogo kabla ya kuitoa.

Tulimsindikiza stendi. Akamwambia Skola, "Mke mwenzangu, umenikimbia." Skola akajificha nyuma yangu, anacheka. Gari likaondoka, na kwenye kiti cha kando yake hakukaa mtu. Nilimwonea huruma. Sijutii.

Jumanne, 13 Aprili

Baba Skola kazini. Jua kidogo.

Skola amevunja kikombe akiosha vyombo. Nimemgombeza, akalia, akanyamaza. Akafagia vipande mwenyewe.

Mchana tumekula kiporo cha wali kwenye sufuria moja, yeye upande wake, mimi upande wangu. Ukoko kaumaliza yeye.