Kondoo Juu ya Daraja la Warumi

Italia,
15 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Konsolata,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Endagikot, na macho hayakusumbui kama mwezi wa sita. Mahindi mmeshapukuchua? Mimi mwili hauna neno. Basili akusomee taratibu, asiruke mahali.

Jana Jumapili bibi ninayemtunza alichukuliwa na binti yake, nami nikatembea peke yangu huko mashambani hadi kwenye daraja la mawe walilojenga Warumi, wale wale wa kwenye Injili. Lina karibu miaka elfu mbili, na mawe yamelika katikati kwa miguu ya watu. Kamto kenyewe wewe ungekaruka.

Kutoka upande wa pili alikuja mzee na kondoo wake na mbwa. Nikasimama pembeni, kwani ulinifundisha mtoto hakatizi katikati ya mifugo ya mzee. Naye akasimama, nadhani alifikiri namwogopa mbwa wake. Tukasubiriana hivyo mpaka kondoo wakaanza kula majani. Hatimaye akavuka. Alipofika karibu nikainama, nikasema, "Shikamoo, baba." Mdomo ulitangulia. Akavua kofia, akasema neno la kwao, akapita. Nilikaa kwenye ukingo wa daraja nikalia. Mwaka na miezi saba sijaitikiwa marahaba ila kwenye simu.

Sasa nikuambie ukweli. Wale rafiki zangu wa kwenye picha ninazokutumia siwajui. Ni wapita njia. Nilikuwa nawaomba tusimame pamoja, nikisema picha ni ya kumtumia mama yangu, yaani wewe. Sikutaka ujue kwamba nakula peke yangu kila siku. Kwenye simu nisingeweza kusema haya, ungesikia sauti.

Mwenye kazi anataka jibu kabla ya Novemba: niongeze miaka miwili au nirudi. Najua ulivyowatangazia wanajumuiya kwamba Irene yuko Ulaya. Nikirudi na begi lile lile watacheka, na watakucheka wewe kwanza. Hilo ndilo linalonifunga.

Nisalimie Patriki na mkewe, na mama Gerald wa jirani. Basili, asante kwa kusoma; usimwambie mtu. Mungu akulinde, Shangazi, akuachie nuru ya macho yako.

Nimeshaandika majibu mawili kwa mwenye kazi, yote yako mezani. Kama unaweza kuvumilia kuchekwa kwa ajili yangu, niambie nije.

Mwanao anayekupenda,
Irene Tluway