Nani Kaweka Duka Juu ya Kaburi la Ssalongo

Makindye, Kampala

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unaweza kupanda mlima wa kanisani bila kusimama njiani kushika goti. Mvua zimefika huko Werugha, au mahindi bado yanaangalia juu? Na yule ng'ombe aliyekuwa na mimba, amezaa salama? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, kazini naenda. Moyoni ndiko kunakochemka, na kuni nyingine umechochea wewe mwenyewe, kwa hiyo kaa kitako unisome mpaka mwisho.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho ulinipigia ukaniuliza, "Wakesho, huko Kampala unauza nini?" Nikakujibu kwamba sikuelewi. Ukasema Mwenyekiti wa kina mama amekuonyesha kwenye simu yake, jina langu juu, na chini yake mwanamume kifua wazi anauza dawa ya nguvu za kiume. Kabla sijafungua mdomo, ukakata. Jumapili iliyofuata dada Mkamburi akanieleza kwamba ulisimama kanisani ukaomba niombewe, ukanitaja kwa jina, ukasema nimepotea. Kanisa zima, Mama. Mchungaji, kwaya, na mwalimu aliyenifundisha kusoma. Hata mwizi wa kuku chifu humuuliza kwanza, "Wewe unasemaje?" Mimi hukuniuliza.

Basi nasema sasa.

Unajua nafanya kazi Wandegeya, kwenye duka la kuchapisha karibu na chuo kikuu. Wanafunzi hutuletea tasnifu zao, wachumba kadi za harusi, na waliofiwa hutuletea vitabu vya ibada ya mazishi. Kazi yangu si kubonyeza mashine. Mimi napanga kurasa: maneno yaanzie wapi na yaishie wapi, picha ikae upande gani, pambizo iwe pana kiasi gani ili kidole gumba cha msomaji kisifunike mstari. Watu hudhani ukurasa hujipanga wenyewe, kama maji yanavyojaa kwenye sufuria. Ndiyo maana nikaanzisha ile blogu, nifundishe kwa Kiswahili wale ambao, kama mimi, walijifunza kazi hii kwa kuchungulia mabegani mwa watu. Naweka ukurasa nilioupanga, naeleza kwa nini nimeupanga hivyo. Nikapata wasomaji, Mama, na si wa kubahatisha. Kuna mzee wa Bujumbura anayechapisha vitabu vya nyimbo. Kuna mtawa anayetoa gazeti la shule yao. Walikuwa wakiniandikia maoni chini ya kila somo, wakiuliza, wakibishana, wengine wakinirekebisha.

Blogu hiyo niliiweka kwenye jukwaa la bure, la kampuni ya ng'ambo ambayo sijui hata mlango wa ofisi yake uko upande gani. Wanakupa nafasi na anwani, wewe unaweka kazi yako. Kwa hiyo mimi mpanga kurasa nilikuwa kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hakuniambia kwamba siku moja ataanza kuingiza wageni wake chumbani kwangu bila hodi. Ndivyo alivyofanya. Matangazo yakaanza kutokea. Mwanzoni yalikaa pembeni, nikavumilia. Kisha yakaingia katikati ya aya zangu. Mimi ninayehangaika na upana wa pambizo, leo napasuliwa ukurasa wangu na mtu anayenadi kamari!

Hata hapo ningeweza kuendelea kununa kimyakimya. Aliyeniamsha ni Nnalongo.

Huku mwanamke aliyezaa mapacha huitwa Nnalongo, kwa heshima, na mumewe huitwa Ssalongo. Nnalongo huyu ninayekueleza anakaa Nsambya, kwenye nyumba za reli. Mumewe alifanya kazi ya reli maisha yake yote, pamoja na Wakenya na Wakongo, na nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa kinasemwa mezani. Alipofariki, mama huyo alikuja dukani kwetu akisema anataka nyimbo za mazishi zichapishwe kwa Kiganda na Kiswahili ubavu kwa ubavu, ili pasiwe na mtu atakayesimama kaburini amefunga mdomo.

Si kazi nyepesi. Ubeti wa Kiganda unaweza kuwa mrefu kuliko wa Kiswahili, na ukiacha kila safu iende inavyotaka, upande mmoja watakuwa wanaimba ubeti wa tatu na wenzao bado wako kwenye wa pili. Nilihangaika mpaka kila ubeti ukaanza kwenye mstari mmoja na ndugu yake wa upande wa pili. Siku ya mazishi nilikwenda. Niliwasikia wakiimba lugha mbili na wakimaliza pamoja. Mama, nimefanya kazi nyingi, lakini ile ndiyo ninayojivunia. Baadaye nilimwomba Nnalongo ruhusa niuonyeshe ukurasa ule kwenye blogu, watu wajifunze. Alikubali bila kusita, akasema Ssalongo alipenda kufundisha watu.

Sasa fikiria, mama huyo anaingia dukani asubuhi moja, amevaa gomesi, lile gauni lake la kanisani, anaweka simu juu ya kaunta bila salamu. Nikatazama. Juu kulikuwa na picha ya Ssalongo na kofia yake ya reli. Chini kulikuwa na wimbo. Katikati yao, yule mwanamume wako wa kifua wazi, na chupa ya dawa mkononi.

Hakupaza sauti. Alisema kwa Kiswahili chake cha hapa mjini, "Mwanangu, mzee yangu iko hapa amelala. Nani ameweka duka juu ya kaburi yake?"

Nilimweleza kwamba si mimi, kwamba tangazo linaletwa na kampuni, kwamba hata senti moja siipati. Nilipokuwa naongea nilijisikia kama mtu anayejitetea kwa polisi. Alisikiliza, akachukua simu yake, akaondoka. Wateja wote walikuwa wanatazama.

Nikaiandikia kampuni. Jibu likaja upesi kuliko nilivyotazamia, limetiwa sahihi kwa jina la mwanamke na kikatuni kinachocheka. Ilikuwa mashine. Ilinishukuru kwa maoni yangu mazuri, ikasema nikitaka kurasa zisizo na matangazo nilipie kila mwezi. Nikaandika tena, nikaeleza kwamba hiki ni kitabu cha mazishi na kuna mjane anaumia. Ikanishukuru tena, na kikatuni kilekile. Mwenye duka letu, Bwana Kizza, nilipomlalamikia aliinua mabega. Alisema nyumba ya bure haina malalamiko, na kwamba watu wamezoea matangazo, hawayaoni tena. Nikamwambia kwamba Nnalongo aliyaona, na mama yangu ameyaona, na Mwenyekiti wa kina mama ameyaona. Akacheka. Lakini nimsifu kwa hili: aliniruhusu nitumie kompyuta ya duka saa za chakula cha mchana.

Nikaamua kuhama. Kuhama kwenyewe ni hivi: unanunua jina la tovuti liandikwe kwa jina lako, kama mtu anavyonunua kiwanja, kisha unahamisha vitu vyako kutoka kule ulikokuwa. Kununua jina halikuwa jambo gumu. Lililonitoa machozi ni kutoa vitu vyangu. Kampuni ile ina kitufe wanachokiita cha kuchukua nakala yako kamili. Nikakibonyeza. Walichonipa, Mama, ni kama mtu kukurudishia godoro lako likiwa pamba tupu ndani ya gunia. Maneno yote yameshikana bila aya, picha hazimo, na maoni ya wasomaji hayamo hata moja. Mzee wa Bujumbura na maswali yake, mtawa na masahihisho yake, vyote wamebaki navyo. Eti maoni ni mali ya jukwaa. Watu waliniandikia mimi!

Nilirudi Makindye nikiwa nimevimba kwa hasira. Ninakaa chumba kimoja na Furaha, yule rafiki yangu wa Bukavu, Kongo, anayeuza vitenge, uliyewahi kuongea naye kwenye simu. Nililalamika tangu naingia mpaka tunamenya ndizi. Yeye akaweka kisu chini.

"Weye unalilia maneno ya watu," alisema. "Miye nilitoka Bukavu na ile nguo nilikuwa nayo ku mwili. Picha za mama yangu zilibakia ku ukuta. Hakuna mtu alinipa hata hiyo gunia."

Nilichukua ndizi nyingine nikaendelea kumenya. Hasira haikuniisha. Nilikasirika kwa ajili yetu sote wawili. Kisha Furaha akauliza ni somo lipi tuanze nalo. Tangu hapo jioni zetu zikawa hizo: yeye anafungua ukurasa wa zamani kwenye simu yake na kunisomea kwa sauti, mimi nachapa upya na kuupanga upya kwenye tovuti yangu. Akikuta tangazo anasonya, anaruka. Maoni ya wasomaji tuliyaacha. Nilichoweza ni kumwandikia mzee wa Bujumbura, maana anwani yake ninayo, nimwambie nimehamia wapi. Amekuja. Mtawa bado hajaonekana.

Kumbe kuhama si kutoka. Niliufuta ukurasa wa Ssalongo kule nilikotoka, wakaniambia utaondolewa baada ya muda. Muda gani, hawasemi. Ukawa bado unaonekana, na mwanamume yule bado amesimama pale na chupa yake. Nikafuta tena. Nikaandika tena, nikashukuriwa tena. Siku ulipoondoka hatimaye, unajua walichokiacha? Ukifungua anwani ile utasoma kwamba ukurasa huu haupo, na chini ya maneno hayo matangazo yanaendelea kama kawaida. Hata mahali pasipo na kitu wanauza.

Tovuti ilipokamilika nilimwalika Nnalongo dukani, aone kwenye skrini kubwa. Nilikuwa nimeupanga ukurasa wa Ssalongo kwa moyo wangu wote, Mama. Nyeupe pande zote, picha juu, beti mbilimbili zikishuka pamoja, basi. Nnalongo alivaa miwani, akasoma wimbo wote midomo ikicheza. Alipofika mwisho aliniomba niteremshe chini zaidi, ahakikishe hakuna kitu kinachomngoja huko. Hakukuwa na kitu.

"Sasa amelala vizuri," alisema. Kisha akaongeza: "Mtoe."

Nilidhani sikumsikia. Nikamwambia hapa ni kwangu, hakuna atakayeingiza tangazo, leo wala kesho. Sauti yangu ilianza kupanda. Nilikuwa nimehama kwa sababu yake, nimepoteza wasomaji kwa sababu yake, na ukurasa ule ndio uliokuwa sababu ya yote.

Akanishika mkono. "Najua, nyabo. Umefanya kazi mzuri sana. Lakini ile siku niliona yule mwanaume, nilijua watu wanapita hapa namna wanapita kwa soko. Mimi nataka Ssalongo akuwe kwa nyumba."

Nilitaka kubishana, na maneno ninayo, unanijua. Lakini mume ni wake na wimbo ni wake. Nikabonyeza. Akaniuliza kama kweli ametoka. Nikafungua tena mbele yake, hakuwapo. Nikamtafuta kwa jina, hakuwapo. Hakuna niliyemwandikia barua, hakuna mashine iliyonishukuru. Nimesema atoke, ametoka. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekinunua. Nnalongo alivua miwani, akaniambia Jumapili niende Nsambya tukale, nimlete na Mkongo wangu. Tulikwenda.

Somo la lugha mbili nimeliandika upya kwa maneno mengine, halina jina la mtu. Si zuri kama lile. Naumia kila nikilitazama, lakini limekaa.

Sasa turudi kwetu sisi wawili. Nimekuwekea ndani ya bahasha kurasa kadhaa nilizozichapisha, uone kwa macho yako kazi ninayofanya. Binamu Mwakio ndiye anayekuletea, anakuja likizo. Ninachokuomba ni kimoja, na siombi kwa upole. Ulisimama mbele ya watu ukanitaja kwa jina. Simama tena, mahali palepale, unitaje. Usinong'one mlangoni baada ya ibada. Ukisema ulikosea, hutapungukiwa na kitu. Mimi ndiye niliyepungukiwa.

Nisalimie dada Mkamburi, aliyekuwa wa kwanza kuniambia ukweli, na mumewe. Msalimie mjomba anayekulimia shamba la chini, na bibi mzaa baba, mwambie nakula vizuri asiniulizie. Mchungaji msalimie, mwambie maombi yake yamenifikia ingawa anwani ilikosewa. Na Mwenyekiti wa kina mama msalimie kwa heshima zote. Mwambie tu, kwa faida yake, kwamba mara nyingi matangazo hayo hayaonekani sawa kwa kila mtu. Kampuni huchungulia yale mtu aliyozoea kuyatafuta kwenye simu yake, kisha inamletea yanayofanana nayo.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata leo nikiwa nimekasirika,

Wakesho