Sabuni Yako na Neno Lisilo na Mwenyewe

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa barazani. Cherehani nimeifunika mchana huu, sina moyo wa kushona. Mama yuko ndani anafunga mizigo. Nitakuambia anakwenda wapi, lakini kwanza nataka tukumbuke pamoja, maana nina wasiwasi kwamba huko Nia-Nia umekaa peke yako na hadithi yako mpaka umeizoea, na mtu akizoea hadithi yake haulizi tena kama ni ya kweli.

Unakumbuka wakati ule sabuni ilipopotea Bunia? Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, maduka ya mjini yamebaki na mbao tupu na wenye maduka wamekaa mlangoni wakipunga nzi. Mama alifulia nguo majani, zikatoka na rangi ya majani. Wewe ulikuwa profesa wa kemia wa sekondari, citoyen, yaani mwananchi kama tulivyoamriwa kuitana enzi zile, mwenye koti moja la heshima, na watu wa mtaa wetu wa Nyakasanza hawakutegemea kukuona umekata pipa nusu, umeliweka juu ya mafiga nyuma ya nyumba, unapika. Mawese tulinunua sokoni. Maganda ya ndizi tuliyaanika, tukayachoma, tukachuja majivu yake kwa maji mpaka yakatoka maji makali ya rangi ya chai. Ulinikataza kuyagusa. Niliyagusa kwa ncha ya kidole, nikaelewa.

Ulikoroga mpaka mkono ukakataa, ukabadilisha mkono. Kisha ukaniita, ukaniwekea kipande kiganjani, ukamimina maji, ukaniambia nisugue.

"Kwenye mafuta uliona povu?" ukaniuliza.

"Hapana, Baba."

"Kwenye maji ya majivu?"

"Hapana."

"Basi hili limetoka wapi?"

"Lilijificha ndani ya mafuta."

Ulicheka sana. "Halikujificha, mama. Halikuwako. Viwili vimekutana, kimezaliwa cha tatu, na hakifanani na chochote kati ya hivyo viwili. Ukiyapasua mafuta mwaka mzima hutalikuta povu mle."

Sikukuamini. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso, na labda ni kweli, kwa sababu nilipokuwa mdogo kama mtu akitoa kitu mfukoni nilitaka kwanza kujua ni nani aliyekiweka. Kwangu kitu kutokea bila kuwako kwanza ilikuwa namna nzuri ya kusema kwamba mtu amekificha vizuri. Ukaniletea sahani ya maji ya moto yenye chumvi, tukaiacha dirishani maji yakakauka polepole, na zikabaki punje zenye pembe sawasawa kama vinyumba. Ukauliza nani amezichonga. Nikatafuta chini ya sahani. Ukanipeleka kwenye kichuguu njiani kwenda shambani, ukanionyesha mchwa wakibeba udongo, kila mmoja na chembe yake, na mnara ukiwa mrefu kunizidi.

"Nani aliyewachorea?" ukauliza.

"Malkia wao."

"Malkia anazaa tu. Hajawahi kuuona mnara wake kwa nje. Hakuna anayejua mnara, kila mmoja anajua chembe yake na harufu ya mwenzake."

Nilikitazama kichuguu kile kwa jicho baya. Nilihisi kuna mtu ndani ananicheka.

Sabuni yako ikapendwa. Majirani walikuja na mabakuli yao, na siku hizo nyumba yetu ilikuwa na kelele za furaha. Tulikuwa watu wa kuja, tumetoka Butembo na magodoro yetu, na nadhani wewe na Mama mlifurahi kuona mlango wetu umekuwa mlango wa watu. Mimi nilifurahi pia. Sasa nikikumbuka, hata furaha ile naishuku.

Kisha ikaja surua. Watoto wa mtaa walianza kuwaka homa, macho mekundu, halafu vipele, halafu ngozi ikaanza kubanduka kama karatasi. Mtoto wa Mama Neema, jirani yetu ng'ambo ya uzio, akafa. Uliacha masomo ukaenda kukaa nao msibani. Nilikuona umekaa kwenye ubao pamoja na wanaume, na nikaona pia nafasi iliyoachwa kati yako na mtu wa karibu yako. Wiki ile wanawake waliacha kuja na mabakuli, na kwenye mto Nyamukau Mama alipofika na nguo zake mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa.

Siku walipokuja ilikuwa baada ya mchana, jua kali. Walisimama kwenye uzio, wengi wao watu waliokuwa wameoga kwa sabuni yako. Nakumbuka maneno yao yote, wewe unasema umesahau.

"Sabuni ya mwalimu inakula ngozi ya batoto!"

"Juu ya nini anafukuzaka batoto wakati anapika? Iko na kitu anaficha!"

Na mwanaume mmoja nyuma kabisa, sikuuona uso wake: "Siku anapikaka ile sabuni, yeye mwenyewe anakatalaka chakula! Juu ya nini?"

Walipindua pipa. Mafuta yakaingia kwenye udongo. Hawakukugusa, na kila mara mtu akinieleza hilo kama jambo la kushukuru, nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Mkubwa wa shule alikuita, akakueleza kwa upole kwamba kuna nafasi ya ualimu Nia-Nia na kwamba hewa ya kule ni nzuri. Ukapanda lori lililokuwa linapita Komanda, na begi moja. Nilikushika mkono wa koti, nikakuuliza nani alianza kulisema neno lile.

"Hakuna mtu aliyelianza," ukasema. "Usitafute mtu, mama. Kumbuka povu."

Nilikuchukia kwa jibu hilo. Ni vizuri ujue. Nilikuwa darasa la mwisho kabla ya kwenda sekondari, na kwa sababu uliondoka nilijifunza kushona badala ya kwenda. Niliona umeikimbiza kesi ndani ya somo la kemia, mahali ambapo hakuna mwizi wala shahidi. Nikaapa kumpata aliyeficha.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Bwana Mateso, rafiki yako mwalimu wa hesabu. Yeye alikuwa anakuja siku za kupika, yeye alijua ya nyumbani, na baadaye masomo yako alipewa yeye. Kwa miaka mingi mke wake akileta kitambaa nilimwambia cherehani imeharibika. Mwaka huu nilichoka, nikamfuata Mateso kwake nikamuuliza wazi. Macho yake yakajaa maji.

"Mutoto yangu," akasema, "siku ile nilikaa kwenye mlango ya mukubwa wa shule mpaka jua ikaingia. Nilisema kama mwalimu akienda, siye wote tunaenda. Wenzangu walikuwa wanatazama chini. Unisamehe, nilibakia peke yangu."

Nilirudi nyumbani nikashona nguo ya mke wake, tena nzuri.

Basi nikageukia wanawake. Mshonaji ana bahati, watu wanakaa kwake kusubiri na midomo haisubiri. Mama Zawadi nilimuuliza akiwa ananyosha mikono nimpime. Akasema ndiyo, alisemaka sabuni ilimuunguza viganja. Ilikuwa kweli, Baba. Pishi moja maji ya majivu yalizidi, wewe mwenyewe ulikubali. Mwingine alisema aliwaeleza wenzake kwamba unafukuza watoto. Ni kweli ulitufukuza, yale maji yangetupofua. Mama Neema nilimwogopa, lakini alikuja mwenyewe na nguo ya kanisani ya kupunguza. Nilimuuliza huku nikiwa na pini mdomoni.

"Nilisema tu kwamba nilimuogesha na ile sabuni siku moja mbele ya homa," akajibu. "Nilikuwa nahesabu siku zake za mwisho, unaelewa? Kila kitu nilimufanyia, nilikuwa nasema. Maziwa nilimupa, shati nilimuvalisha, sabuni. Batu walichagua sabuni."

Nikatoa pini mdomoni. Nikamshika bega.

Kwa hiyo ulikuwa na haki, kwa sehemu. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alileta ukweli wake mdogo, safi kabisa, na zilipokutana kweli zile ukazaliwa uongo ambao hata mmoja wao hakuwa nao nyumbani. Kama ningempasua Mama Zawadi nisingeukuta mle. Nililala na wazo hilo na karibu linipe amani.

Lakini nakushuku bado, Baba, na somo lako pia. Mafuta hayana masikio. Mawese yakikutana na maji ya majivu hayawezi kusema "ngoja kwanza tumuulize mwalimu." Mchwa hawezi kuweka chembe yake chini akaenda zake. Watu wanaweza. Mateso aliweza, alikaa mlangoni. Kwa hiyo mtu akiniambia jambo limetokea lenyewe kati ya watu, nitaendelea kuuliza ni nani aliyekuwa na nafasi ya kukataa na hakukataa. Kemia yako inaeleza lilivyozaliwa neno. Haiwasamehe waliolibeba mpaka kwenye uzio wetu.

Tena kulikuwa na kipande kimoja kilichonisumbua. Kwamba ulikuwa unakataa chakula siku za kupika. Mvuke ulikuwa unakuchafua tumbo, tulijua sisi wa ndani. Mateso aliniapia hakulijua. Nani alilitoa nje?

Wiki hii nilikaa na Mama tukichambua maharage. Nikamweleza yote niliyokusanya, kwa fahari kidogo, kama mtu aliyepata mbuzi aliyepotea. Nilipofika kwenye chakula mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ni miye," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Ni miye nilisemaka. Kule mutoni. Tulikuwa tunacheka tu na wamama. Nikasema bwana yangu siku ya sabuni anakatalaka ata bugali yangu, nitamupeleka kwa mama yake. Wakacheka. Na miye nikacheka."

"Na Baba anajua?"

"Siku ile, ule mutu wa nyuma aliposema, baba yako aligeuka akanitazama. Mara moja. Kisha akatazama pipa."

Miaka hii yote nilikuwa najiuliza kwa nini Mama hakukufuata. Alisema atakuja mvua zikikatika, na mvua zimekatika mara nyingi. Nilijiuliza kwa nini salamu zako kupitia madereva zilisema "msalimie mama yako" na hazikusema "aje". Nilikushuku una mwanamke mwingine huko. Ndiyo, nilikushuku, na mara moja nilimuuliza dereva, akacheka akasema mwalimu anaishi na redio.

Sasa nashuku jambo lingine. Nashuku kwamba ulipokuwa umesimama kwenye lori ukaniambia hakuna mtu aliyelianza, hukuwa unanifundisha chochote. Ulikuwa unamfunika Mama. Kama ni hivyo, ulikuwa mwema, na ulikosea. Ulimfunika vizuri mpaka hata wewe hukumwona tena. Yeye alibaki hapa akiamini unajua na umekasirika, wewe ukabaki kule ukinyamaza ili asijue unajua, na kati ya ukimya wake na ukimya wako kikazaliwa kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekitaka, na kimekula miaka ya ndoa yenu.

Alilia. Kisha akafuta uso kwa kitenge, akaniuliza lori la kahawa linaondoka lini. Nikamwambia Jumatatu. Akasema, "Nitaenda kumwambia na kinywa yangu." Akaanza kutafuta viatu.

Barua hii anaibeba yeye, hajui kusoma na nimemwambia ni salamu. Usiisome mbele yake. Mwache aseme mwenyewe, hata akisema ovyo, hata akianzia mbali. Usimwambie hakuna mtu. Mwambie kama ulijua, na umwambie ukimtazama.

Dereva nimempanga. Kabla ya kugeuza gari kurudi Bunia atapita mlangoni kwako kuuliza kama kuna abiria. Akimkuta mmoja, nitaelewa, na nitampokea mama yangu bila swali. Naomba akute wawili, au asikute mtu, mmebaki pamoja huko.

Nakusubiri, Baba, hata kama ni kwa habari tu. Ukae vema.

Binti yako mkubwa