Ngozi Niliyoianika kama Ndagala

Neema mjukuu wangu,

Sisi wa Uvira tungali hai. Mdogo wako amepata diploma yake. Mimi miguu imekataa, lakini mkono bado unaandika.

Umeuliza ufanyeje, maana zulia la ngozi ya ng'ombe nililokupa limekauka na kiraka kinaachia. Usiliweke juani. Lipanguse vumbi, lipake samli kidogo upande wa nyuma, ulikunjekunje kwa mikono mpaka lilegee, ndipo ushone.

Hayo nilifundishwa na wifi yangu Furaha. Tulipooana, babu yako alipewa ngozi hiyo na baba yake, mfugaji wa Rurambo kule milimani. Mimi, binti wa ziwa, niliiosha nikaianika mchangani kutwa nzima, kama tunavyoanika ndagala, dagaa wetu. Ikapasuka. Baba mkwe alipotutembelea na ndugu zake, akamgeukia Furaha, aliyekuwa akiishi kwetu ili asome.

"Weye Furaha, umeshakuwa mutu wa ziwa? Ngozi inaanikwa sawa ndagala?"

Furaha alinitazama. Nilikuwa bibi arusi, tena mwalimu, niliinamisha kichwa.

"Unisamehe, baba," akasema.

Wiki nzima aliisugua kwa samli, akashonea kiraka kwenye ufa ambao hakuupasua yeye, huku akinionyesha jinsi ya kushika sindano. Sikumshukuru, wala babu yako hakujua kamwe.

Jumapili Furaha anashuka kutoka Rurambo kuniona. Nitakiri kosa langu na kumshukuru mbele ya watoto wote, kwa kuwa alikemewa mbele ya watu. Usimpigie simu kabla. Ila nisipoifikia Jumapili nikiwa hai, msomee wewe barua hii.

Bibi yako